Gundi ya shingo ya gitaa: tuanze na mzigo, chupa baadaye

Ndugu mafundi wenzangu, na ninyi mnaoanza kushika randa, nashukuru kwa kufika.

Fundi anapotaka kutengeneza shingo yake ya kwanza ya mapapi, yaani vipande virefu vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi, swali lake la mwanzo huwa ni moja: gundi ipi ina nguvu kuliko zote? Anasoma maandishi ya kwenye chupa, analinganisha tarakimu, anachukua ile yenye namba kubwa. Naomba leo tuliache swali hilo mlangoni. Gundi yoyote nzuri ya mbao, ikipakwa kwenye nyuso zilizorandwa sawasawa na kubanwa inavyotakiwa, hushika kuliko mbao yenyewe. Ukikivunja kiungo hicho kwa nyundo, mbao ndiyo itakayopasuka. Ni hivyo kwa gundi nyeupe, ya manjano, ya ngozi (inayotokana na ngozi za wanyama), epoksi na yurea. Kama zote zimeishinda mbao, kuzipanga kwa nguvu hakutupi chochote. Tujiulize badala yake: kiungo hiki kitasukumwa upande gani, kwa muda gani, katika joto la kiasi gani, na maji nitakayoyaingiza leo yataondoka lini?

Tuanze na mzigo. Gitaa la kawaida la nyuzi sita za chuma, lisilo la umeme, huvutwa na nyuzi zake kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80. La umeme lenye nyuzi nyembamba ni kama kilo 45, na la nailoni hukaribia 40. Mzigo huo haupandi na kushuka kama wa kiti, ambacho mtu hukikalia kisha akainuka. Unavuta usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, hata gitaa likiwa ndani ya kasha. Ndiyo maana mwaka 1921 Thaddeus McHugh wa kampuni ya Gibson aliomba hataza ya chuma cha kurekebishika kinachopita ndani ya shingo. Mbao peke yake hulegea mbele ya mvuto usiokoma. Gundi nayo hulegea, kila aina kwa kiasi chake, na kulegea huko ndiko kunakotofautisha gundi moja na nyingine kwa kazi yetu.

Sasa angalieni mapapi yenyewe yanavyokaa. Chukua kitabu chenye jalada laini, kilaze juu ya viganja viwili, kisha kikunje. Kinakunjika kwa urahisi, na ukitazama ukingoni utaona kurasa zinateleza, moja juu ya nyingine. Kigeuze sasa kisimame kwa ukingo wake na ujaribu kukikunja kuelekea chini. Kinagoma. Kurasa hazina pa kuteleza, kwa sababu kila moja imesimama wima na inabeba sehemu yake ya mzigo. Shingo nyingi za mapapi hutengenezwa kwa mtindo huu wa pili: mapapi yamesimama ubavu kwa ubavu, na mistari ya gundi inashuka wima kutoka ubao wa freti (ule wa mbele ambao vidole hukandamizia nyuzi) hadi mgongo wa shingo. Nyuzi zinapoivuta shingo mbele, kila papi hujikunja lenyewe pamoja na mwenzake, na gundi iliyo katikati karibu haivutwi kabisa.

Hili nalisisitiza kwa sababu linabadilisha hesabu nzima. Katika viungo vya wima, nyuzi si adui mkubwa wa gundi. Wanaoisumbua gundi pale ni mapapi yenyewe, kila moja likitaka kujipinda lilivyozoea kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Pale mbao zinapolala sambamba na ubao wa freti mambo hugeuka. Kiungo cha ubao wa freti na shingo, kiungo cha mshazari kinachokipa kichwa mwinamo wake, na kisigino (mwisho wa shingo unaoungana na mwili wa gitaa) kilichopandishwa kwa vipande vilivyolazwa, hivyo vitatu vinabeba mvuto wa kuteleza moja kwa moja. Fundi anayejali sana gundi ya mapapi kisha akapaka chochote kilicho karibu kwenye kiungo cha mshazari ameweka umakini wake mahali pasipohitaji sana.

Kulegea kwa gundi chini ya mzigo wa kudumu tunakuita kutambaa. Gundi nyeupe na za manjano ni za ukoo mmoja, polivinili asetati. Zinakauka kwa kupoteza maji, na zikishakauka hubaki na tabia ya plastiki: joto likipanda zinalainika, likishuka zinagumu tena. Gundi ya manjano ya maseremala huwa ngumu zaidi ikikauka, hupigwa msasa vizuri zaidi, na hutambaa kidogo kuliko nyeupe ya kawaida. Ukiwa na hizo mbili tu kwenye rafu, chukua ya manjano. Zile za ukoo huo huo zinazotangazwa kuhimili mvua mara nyingi hubaki laini zaidi zikikauka. Shingo ya gitaa hainyeshewi, kwa hiyo sioni kwa nini ununue uwezo usiouhitaji na kulipia kwa ugumu unaouhitaji.

Joto ndilo jambo ninaloliogopa kuliko maji. Gari lililofungwa juani linaweza kufika sentigredi 60 ndani, na kasha jeusi lililo mle ndani haliliokoi gitaa. Gundi nyingi za maji huanza kulainika karibu na joto hilo, na epoksi nyingi zinazogumu kwa joto la chumba huanza kulegea kati ya 50 na 70. Wengi hushangaa kusikia hivyo kuhusu epoksi, kwa kuwa wameizoea kuiona kama jiwe. Ni jiwe kwa joto la chumba. Tofauti yake na gundi ya maji ni kwamba haiyeyuki ikatiririka. Inalegea kidogo, na ikipoa inarudi palepale ilipokuwa kama hakuna kilichokuwa kikiivuta. Lakini nyuzi zipo, zinavuta. Gitaa likipata joto likiwa limekazwa nyuzi, kiungo cha mshazari kilichopakwa gundi isiyofaa kinaweza kuteleza nusu milimita bila sauti yoyote, na mwenye gitaa atashangaa tu kwa nini nyuzi zimepanda juu.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo kwa mapapi ya wima ni jambo kubwa kuliko nguvu na kutambaa vikijumlishwa. Gundi ya manjano ina maji karibu nusu ya uzito wake. Tuseme unaunganisha mapapi matano, kila moja urefu sentimita 70 na kimo sentimita 7. Hivyo ni viungo vinne, na ukipaka kiasi cha kawaida utatumia kama gramu 40 za gundi. Gramu 20 kati ya hizo ni maji, na sehemu kubwa inanywewa na mbao. Mbao uliyoikausha kwa uvumilivu mpaka ikafika asilimia 8 ya unyevu sasa imelowa pembezoni mwa kila mstari, na imevimba pale pale.

Fundi mwenye haraka anatoa klampu asubuhi, anaranda juu mpaka pawe tambarare kabisa, anabandika ubao wa freti. Gundi imeshika kweli, hana wasiwasi. Lakini mbao bado imevimba kwenye mistari. Baada ya wiki chache maji yameondoka, mbao imesinyaa, na kila mstari wa gundi umekuwa mfereji mwembamba unaouona taa ikipiga kutoka upande. Kwenye mgongo wa shingo uliopakwa vanishi ya kung'aa, kidole gumba cha mpigaji kitausikia mfereji huo kila siku. Kama mapapi hayafanani kwa aina ya mbao, moja litasinyaa zaidi ya jirani yake na utapata ngazi. Dawa ni kusubiri. Kiungo kinaweza kutolewa klampu baada ya saa chache, lakini msichanganye kushika kwa gundi na kukauka kwa mbao kana kwamba ni jambo moja. Mimi huacha mapapi yapumue wiki nzima kabla ya kuyaranda kwa vipimo vya mwisho, yakiwa yameegemezwa ili hewa ipite pande zote, na mbao nzito huziongezea muda.

Mapapi yakiwa mazito, milimita 10 au 15, hayo yote yanavumilika. Tatizo ni pale mtu anapotaka urembo wa mistari myembamba na kuweka vinia, yaani ubao mwembamba sana, ya nusu milimita kati ya mapapi. Vinia hiyo inanyonya maji pande zote mbili, inalowa mpaka katikati, inajikunja kabla hujafika kwenye klampu, na inavimba kuliko majirani zake. Hapo nasema bila kusita: tumieni epoksi.

Epoksi haina maji. Sehemu mbili zinachanganyika na kugumu kwa kemikali, kwa hiyo shingo inatoka kwenye klampu na unyevu ule ule ilioingia nao. Ile ya taratibu inakupa nusu saa au zaidi ya kupaka nyuso nane za mapapi matano bila jasho, wakati gundi ya manjano huanza kushika ndani ya dakika tano hadi kumi. Na kwa sababu haihitaji mgandamizo mkubwa, mapapi hayahami. Ina masharti yake, hata hivyo. Pima sehemu zake kwa mizani kama mtengenezaji alivyoagiza, changanya mpaka pembe zote za chombo zimefikiwa, na usifikirie kuongeza kigumishi ili ikauke upesi. Uwiano ukivurugika, gundi inabaki laini milele. Usiibane kwa nguvu zako zote, maana utaikamua yote na kuacha kiungo kikavu. Achana na zile za dakika tano. Hazikupi muda wa kupaka, na nyingi hubaki dhaifu mbele ya joto na unyevu. Mstari wa epoksi huonekana kidogo zaidi kwenye mbao nyeupe kama mepo, lakini ukiwa na papi la mjozi au wenge katikati hakuna atakayeutambua.

Wapo wanaoichukia epoksi wakidai inaua sauti. Mstari mzuri wa gundi una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Minne ni chini ya nusu milimita, ndani ya shingo yenye upana wa sentimita 5. Mimi siamini kwamba kuna sikio linaloweza kuisikia. Kiungo kilicholegea linaweza kukisikia, na huko ndiko nguvu zetu zielekezwe.

Kuna gundi moja ambayo haizungumzwi vya kutosha: yurea fomaldehaidi, ile ya unga unaokorogwa na maji. Ikigumu ni ngumu kweli, haitambai, na huvumilia joto la gari kuliko zile za manjano. Kwa kupinda mapapi membamba kwenye kalibu, au kwa kiungo cha mshazari, sijaona ya kuizidi kwa ukaidi wake. Inaingiza maji kama za manjano, kwa hiyo kusubiri kuko pale pale. Inapenda viungo vilivyokutana vizuri na haipendi karakana baridi. Na inatoa hewa ya fomaldehaidi, kwa hiyo fungueni madirisha na vaeni barakoa wakati wa kuikoroga na wakati wa kuipiga msasa. Epoksi nayo ivaliwe glavu kila mara. Mwili unaweza kuikubali kwa miaka kisha siku moja ukaikataa, na ngozi ikishaikataa haibadilishi mawazo. Kuna mafundi hodari walioacha kuigusa kabisa kwa sababu hiyo.

Gundi ya ngozi, inayopashwa moto mpaka karibu sentigredi 60, naiheshimu sana. Ikikauka ni ngumu, haitambai, na mstari wake hauonekani. Fidla za Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, zilibandikwa kwa gundi ya aina hiyo, na mafundi wa leo huzifungua na kuzifunga tena wanapozitengeneza. Lakini kwa mapapi matano yenye urefu wa sentimita 70 inakuwa mbio za dakika moja au mbili kabla haijaganda, hata ukiipasha mbao joto kwanza. Wenye mikono miwili na msaidizi mmoja wanaweza. Anayefanya kazi peke yake naomba asijitese.

Poliurethani inayotoa povu niiseme kwa ufupi: povu linalotoka pembeni linatia moyo machoni, ila halina nguvu, na mapapi hupenda kuteleza wakati inavimba. Supaglu ina kazi zake nyingi kwenye gitaa, kama kuziba ufa mdogo au kushikiza freti. Kwa mapapi inakauka kabla hujamaliza kupaka na ni rahisi kukatika ikigongwa. Gundi ya viatu, ile ya kubandika kwa kugusanisha, isiingie kabisa kwenye shingo. Haigumu kamwe.

Mbao zenye mafuta zinahitaji neno lake. Rozwudi, kokobolo, msaji na ndugu zao hutoa mafuta usoni, na kadiri uso unavyokaa baada ya kurandwa ndivyo mafuta yanavyorudi. Randa au piga msasa saa ile ile unayobandika, pangusa kwa asetoni kwenye kitambaa safi mpaka kitambaa kiache kubeba rangi, subiri asetoni ipotee, kisha paka. Ukiacha mbao hizo zilale usiku kucha baada ya kurandwa, umerudi mwanzo. Mpingo ni mgumu na umebana sana, gundi ya maji haipenyi kwa urahisi. Ukwaruze kwa msasa wa namba 80 na utumie epoksi.

Kubana nako watu hukudharau. Kwa mbao ngumu, gundi ya manjano inataka kama kilo 12 kwa kila sentimita moja ya mraba. Papi letu la 70 kwa 7 lina sentimita za mraba 490. Zidisheni: inakaribia tani 6. Klampu ndogo ya mkono hutoa kilo mia chache tu. Habari njema ni kwamba mapapi yote yakibanwa pamoja, nguvu ile ile inapita kwenye viungo vyote vinne, kwa hiyo hamhitaji tani 24. Wekeni mbao nene pande zote mbili ili mgandamizo usambae, na klampu zikaribiane kadiri mlivyo nazo. Asiye nazo nyingi, hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua epoksi, ambayo inatosheka na mguso wa kutosha. Gundi ikiwa mbichi mapapi huteleza kama sabuni. Tobo mbili za vijiti vya mbao kwenye ncha zitakazokatwa zinalimaliza hilo.

Nimebakiza ubao wa freti, na hapa nasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Usitumie gundi ile ile kwa mazoea tu. Mapapi hayatatenganishwa kamwe, kwa hiyo yape gundi isiyorudi nyuma. Ubao wa freti ni tofauti: miaka 30 mbele mtu atataka kuubandua, abadilishe chuma cha shingo au ubao uliochakaa. Atauweka chini ya pasi, atapitisha kisu chembamba chenye joto, na gundi ya manjano au ya ngozi itamwachia. Mapapi yaliyo chini yake yatakuwa yanapata joto lile lile. Kama yameshikwa kwa gundi inayolainika mapema kuliko ile ya ubao, ataanza kutengeneza kitu kimoja na kubomoa kingine. Kwa hiyo gundi ya mapapi ihimili joto sawa au zaidi ya gundi ya ubao. Mimi hupenda epoksi ya taratibu au yurea ndani, ya manjano juu. Wanaohofia maji ya gundi ya manjano kuipinda shingo wana haki, kwa sababu ubao mwembamba unaolowa upande mmoja hujikunja. Pakeni safu nyembamba kwa rola, mkifunika mfereji wa chuma kwa utepe ili gundi isiingie, kisha acheni klampu usiku kucha juu ya ubao ulionyooka.

Mwisho, msiniamini mimi wala chupa. Gundi hupoteza nguvu ikikaa. Ikianza kuvutika kama uzi au kunuka uchachu, itupeni. Ikipakwa kwenye baridi ya chini ya sentigredi 10 inaweza kukauka kama chaki nyeupe isiyoshika. Kila mnapofungua chupa mpya, unganisheni vipande viwili vya mabaki ya mbao ile ile ya shingo, vipishane kwa sentimita 2 tu. Vikikauka, chora mstari kwa kisu ubavuni, ukivuka kiungo kutoka kipande kimoja hadi kingine. Tundika kipande cha juu, ning'iniza uzito kwenye cha chini, uviache mahali penye joto, karibu na paa kwa mfano, mwezi mzima. Mstari ukikatika hata kwa unywele, gundi hiyo inatambaa, na sasa unajua isiende kwenye kiungo cha mshazari. Unganisheni pia jozi nyingine kama hiyo, muivunje kwa patasi siku ya pili yake na mtazame uso uliovunjika: nyuzinyuzi za mbao zikiwa zimeng'oka pande zote, kazi ni safi, ukiona gundi inang'aa tupu upande mmoja, kuna mafuta, vumbi au baridi mliyoipuuza.

Nimeleta vipande vya kila gundi niliyoitaja, vimepangwa hapa mezani pamoja na patasi na nyundo. Karibuni mvivunje, na mnaotaka kuuliza maswali tuulizane papo hapo huku mikono ikifanya kazi.